Waliojileta Uwanjani

Muhula wa pili ukianza, mashindano ya kandanda ya shule za upili yakiwa bado katika ngazi ya kaunti ndogo, mashabiki wa Kisii na Nyamira huwa na swali moja mdomoni: shule gani imemchukua nani? Mshambulizi aliyevutwa kutoka kaunti jirani hujulikana kabla hajagusa mpira, na karo aliyosamehewa huzungumzwa hadi sokoni. Kuna mwanafunzi mwingine ambaye habari zake haziulizwi. Huyu alikuja shuleni kwa sababu alama zake zilimpeleka pale, au kwa sababu ndiyo shule iliyo karibu na kwao. Aliposikia kwenye gwaride la asubuhi kwamba kutakuwa na majaribio, alienda uwanjani na viatu vyake mwenyewe, akapanga foleni, akacheza dakika kumi na tano, akaambiwa arudi kesho. Karo yake inalipwa na mzazi hadi senti ya mwisho. Huyo ndiye mchezaji wa kujileta. Wanaomtetea huwa na hoja moja, kwamba siku moja atawashangaza wote na kuwa nyota. Hoja hiyo ni tamu kusimulia lakini haina nguvu, kwa sababu wengi wao hawatakuwa nyota kamwe. Thamani yake iko kwingine. Uteuzi wa vipaji ni kazi yenye makosa mengi, na makosa hayo yanaweza kusahihishwa tu iwapo wale ambao hawakuteuliwa bado wanacheza. Shule inayomfukuza ili kupunguza gharama huwa inafunga njia ambayo hata nyota wake wa kulipiwa walipitia.

Tuanzie chini, mahali ambapo suala hili hufunikwa na mazoea. Wadi ya Birongo iko katika eneo bunge la Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii. Kama zilivyo wadi nyingi za Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, ni ardhi ya vilima, migomba na mashamba madogo yaliyogawanywa mara nyingi kati ya ndugu, na watoto wake wengi wa shule za upili husoma katika shule za kutwa. Tangu elimu ya kutwa ya sekondari ilipofanywa kuwa bila malipo ya masomo mwaka 2008, na hasa baada ya serikali mwaka 2018 kusisitiza kila mtoto wa darasa la nane avuke hadi kidato cha kwanza, shule za namna hii zimekuwa ndizo mlango wa watoto wa kawaida. Mgao wa serikali umekuwa Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo, sehemu ndogo tu ndiyo ya michezo. Mwalimu wa michezo mara nyingi ni mwalimu wa Historia au Kilimo mwenye vipindi vyake kamili, na nyavu za goli, zikiwapo, hutolewa siku ya mechi na kurudishwa stoo. Shule kama hiyo haiwezi kumwahidi mtu basari ili aje kuwafungia mabao. Timu yake nzima, kuanzia kipa hadi winga wa kushoto, imejileta. Na bado timu hiyo hucheza, hupanga ulinzi, mara nyingine huishinda shule yenye basi na mabweni. Siku ya mechi za kaunti ndogo, pembeni mwa uwanja husimama walimu wa shule kubwa wakitazama kwa makini kuliko wazazi. Muhula unaofuata kijana fulani huonekana amevaa sare tofauti. Kwa hiyo yule anayeitwa mchezaji wa kusajiliwa alikuwa, miezi michache nyuma, mchezaji wa kujileta wa shule nyingine. Shule kubwa inayosema haina haja na watu wa kujileta inawategemea kila mwaka. Tofauti ni kwamba gharama ya kuwalea imeachiwa shule maskini.

Hilo halina maana kwamba ndani ya shule kubwa mchezaji huyu hana kazi. Atazamwe mazoezini, maana siku ya mechi hutamwona. Saa kumi jioni, masomo yakiisha, mvua ya Gusii ikiwa imenyesha saa nane na uwanja unateleza upande ule wa chini, mkufunzi ana saa moja hivi kabla ya chakula na masomo ya jioni. Anataka kufundisha jinsi ya kuzuia kona. Kona haizuiliwi kwa maelezo ubaoni. Inahitaji mtu wa kuipiga, watu wanne au watano wa kuishambulia kwa nguvu, mmoja wa kumsumbua kipa, na wengine wa kusubiri mpira uliookolewa nje ya kisanduku. Hao wote ni kikosi cha pili. Iwapo wapinzani wa Jumamosi hucheza na mshambulizi mmoja mrefu na mawinga wanaoingia ndani, ni kikosi cha pili kinachoambiwa kicheze hivyo wiki nzima, kijifunze mtindo wa watu wengine ili wenzao wauzoee. Timu yenye wachezaji kumi na wanane tu, wawili wakiwa na malaria na mmoja ametumwa nyumbani kuleta karo, haiwezi hata kucheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Mkufunzi hubaki na mazoezi ya nusu uwanja na mbio za kuzunguka. Na kikosi cha pili kikiwa dhaifu au hakina ari, beki wa kwanza hajifunzi lolote. Anashinda kila mpira Jumanne, halafu Jumamosi anakutana na mtu anayeruka kweli. Ubora wa timu hujengwa na ugumu wa mazoezi yake, na ugumu huo huletwa na vijana ambao majina yao hayataandikwa kwenye fomu ya mwamuzi. Wengine husema mchezaji wa benchi husaidia kwa kuleta hamasa. Ni kweli, lakini hamasa ni ziada. Kazi yenyewe ni kumzuia yule wa kwanza asilale.

Sasa tuje kwenye makosa ya uteuzi. Hapa Gusii ina ushahidi ambao maeneo mengine yangeuonea wivu, ingawa hautoki kwenye kandanda bali kwenye riadha. Naftali Temu wa Nyamira alikwenda kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 19. Mbio za mita 10,000 hakuzimaliza, na katika marathoni alimaliza wa 49. Mtu aliyeyasoma matokeo hayo siku hiyo asingekuwa na sababu yoyote ya kumtabiria makubwa. Miaka miwili baadaye, Kingston nchini Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili 6 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, wakati ambapo Clarke ndiye aliyekuwa akivunja rekodi za dunia moja baada ya nyingine. Oktoba 1968, Mexico City, Temu akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika zile zile mita 10,000 ambazo Tokyo zilimshinda. Yobes Ondieki, mwana mwingine wa Gusii, alimaliza wa 12 katika fainali ya mita 5,000 Seoul mwaka 1988. Akawa bingwa wa dunia Tokyo mwaka 1991 akiwa na miaka 30, na Julai 1993 mjini Oslo akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kwa 26:58.38, akiwa na miaka 32. Hellen Obiri, mzaliwa wa Nyangusu, alikuwa tayari bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili alipojaribu marathoni yake ya kwanza New York mwaka 2022, na akawa wa sita. Miezi mitano baadaye alishinda Boston.

Msomaji makini atasema mifano hii haifai, na kwa sehemu atakuwa sahihi. Temu, Ondieki na Obiri hawakuwa watu wa kujileta walipokuwa wakivaa sare ya Kenya, walikuwa wameteuliwa. Tena ni rahisi mno kuwataja waliofaulu na kusahau mamia waliomaliza wa 49 na wakabaki hivyo. Siwataji ili kudai kwamba kila anayeshindwa ana dhahabu ndani yake. Nawataja kwa sababu ya saa. Riadha ndio mchezo ambao kipimo chake ni wazi kuliko yote: mstari, bastola, na sekunde zisizojali mtu ni mtoto wa nani. Kama katika mchezo wenye kipimo hicho matokeo ya kijana wa miaka 19 yanaweza kusema uongo mkubwa namna ile juu ya kesho yake, basi katika kandanda, ambamo kipimo ni jicho la mwalimu mmoja kwa dakika kumi na tano kwenye uwanja wenye matope, uongo huo lazima uwe mkubwa zaidi. Winga aliyepewa pasi mbili mbovu katika majaribio huonekana hana mpira. Kipa ambaye hakupigiwa shuti huonekana wa kawaida. Hakuna mkufunzi, hata awe mzoefu vipi, anayeweza kujua mengi kwa dakika hizo, na wanaosema wanajua huwa wanawakumbuka wale waliowapatia tu.

Sababu kubwa ya kosa hilo ni mwili. Watafiti waliochunguza magongo ya barafu ya Kanada katika miaka ya 1980 waligundua kwamba wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika timu za vijana, na jambo hilo hilo limeonekana tangu hapo katika akademia za kandanda za Ulaya. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba huhesabiwa rika moja, lakini katika utoto miezi kumi na moja ni urefu, ni uzito, ni mbio. Mkufunzi hudhani ameona kipaji, kumbe ameona miezi. Katika shule zetu pengo hilo halipimwi kwa miezi. Darasa moja la shule ya kutwa huwa na mwanafunzi aliyeanza mapema na mwingine aliyekaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo, mmoja akiwa na miaka kumi na nne na mwenzake kumi na saba. Pamoja na hayo kuna ule mchezo mchafu unaojulikana, wa vyeti vya kuzaliwa vinavyopunguza umri wa watu wenye ndevu. Katika hali hiyo, majaribio ya siku moja huwachagua waliokwisha kukomaa, na kijana mdogo mwenye akili ya mpira huachwa kwa sababu alisukumwa na akaanguka. Mchuma chai wa Nyamira hachumi shamba mara moja akasema limekwisha. Hurudi baada ya siku chache, maana chipukizi hazitoki zote siku moja. Mchezaji wa kujileta anayeruhusiwa kuendelea na mazoezi ndiye anayempa mkufunzi nafasi ya kurudi. Asipokuwapo, lile kosa la dakika kumi na tano huwa hukumu ya maisha.

Jambo hili limekuwa la dharura zaidi sasa kuliko ilivyokuwa miaka mitano iliyopita, na nashangaa linavyozungumzwa kidogo. Chini ya mfumo wa zamani mtoto aliingia kidato cha kwanza na kukaa shule ya upili miaka minne. Aliyeachwa katika majaribio ya mwaka wa kwanza angeweza kurudi kidato cha pili akiwa ameongezeka urefu, na wengi wa waliokuwa nguzo za timu walichomoza kidato cha tatu. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023 na kidato cha kwanza cha mwisho kikaingia Januari 2024. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea darasa jipya hata moja, na kwa timu zao hilo lilikuwa na maana kwamba hakukuwa na foleni ya wageni wenye viatu vyao wenyewe. Mwaka 2026 ndipo Gredi ya 10 ya kwanza ilipoingia sekondari pevu. Vijana hawa wanafika wakubwa zaidi, na wanakaa miaka mitatu badala ya minne. Mwaka mmoja wa kusahihisha makosa umeondolewa. Tena wanafika wakiwa wamekwisha kugawanywa katika mikondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Mkondo huu wa tatu ni jambo la kheri, kwani mtoto anaweza kusoma mchezo kama somo na mzazi asione aibu. Lakini una mtego wake. Shule iliyopewa mkondo wa michezo itashawishika kuona kwamba timu ni mali ya wanafunzi wa mkondo huo, na wale wa sayansi wakae maabara. Mtoto aliyechagua Fizikia akiwa Gredi ya 9, pengine kwa kuwa baba alimtaka awe mhandisi, atakuwa amefungiwa uwanja kabla misuli yake haijaamua chochote. Shule nyingine, ambazo hazina mkondo huo, zitaona michezo si kazi yao tena. Kwa hiyo sera iliyokusudiwa kukuza vipaji inaweza kufanya uteuzi ufanyike mapema zaidi, kwa ushahidi mchache zaidi, na bila njia ya kukata rufaa. Dawa ni kanuni fupi ambayo mwalimu mkuu yeyote anaweza kuiandika: majaribio yawe wazi kwa kila mwanafunzi bila kujali mkondo, na yarudiwe kila mwaka.

Gusii iliwahi kuwa na milango wazi ya aina hiyo, na ilifunguliwa na watu ambao hatuna sababu ya kuwasifu kwa mengi. Utawala wa kikoloni ulipanga michezo kwa ngazi zake za utawala: lokesheni, tarafa, wilaya, mkoa. Nia yake haikuwa kutafuta mabingwa. Ilikuwa zaidi kuwaweka vijana katika shughuli na nidhamu. Hata hivyo mashindano ya ngazi ya chini yalikuwa ya aliyefika. Katika enzi hiyo ndipo alipotokea Nyandika Maiyoro, aliyekuwa wa nne katika maili 3 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya Vancouver mwaka 1954, wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na wa sita Roma mwaka 1960, miaka ambayo dunia ilikuwa bado haijajua kwamba Wakenya hukimbia. Waliomfuata walikuwa wengi. Kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya mita 400 mara nne Munich mwaka 1972 kilikuwa na watu watatu wa Gusii kati ya wanne: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang. Na Ouko mbio zake hasa zilikuwa mita 800, ambazo alimaliza wa tano katika michezo hiyo hiyo. Timu iliyowafungia nje watu wa mbio nyingine isingekuwa na mguu wake.

Mahali ambapo suala hili limejadiliwa kwa kina zaidi ni Marekani, katika kandanda yao ya vyuo vikuu, ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai. Huko mchezaji anayeingia timu bila ufadhili wa masomo ana hadhi inayotambulika na historia yake. Vyuo viliwekewa kikomo cha ufadhili mwaka 1973, watu 105, kisha 95 mwaka 1978, kisha 85 mwaka 1992, na kila kikomo kiliposhuka, thamani ya waliojilipia ilipanda. Nebraska, chini ya kocha Tom Osborne, iliwapokea kwa makumi vijana wa mashambani wa jimbo lake waliojigharamia, na ikatwaa ubingwa wa kitaifa mwaka 1994, 1995 na 1997. Baker Mayfield alijileta katika vyuo viwili kabla ya kushinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2017. J.J. Watt aliacha ufadhili katika chuo kimoja akaenda Wisconsin bila chochote, na baadaye akatangazwa mlinzi bora wa ligi ya kulipwa mara tatu. Halafu zikaja pesa. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na pamoja na hilo kikomo kipya: timu ya kandanda isizidi watu 105 wote kwa jumla, wakati timu nyingi zilikuwa na 120 au zaidi. Walioanza kuondolewa, hata kabla ya hukumu, ni wale wasio na ufadhili. Jaji mwenyewe alikataa kutia saini hadi ipatikane njia ya kuwalinda waliokuwa wamekwisha kupoteza nafasi zao. Jambo hili linamhusu msomaji wa Kisii kuliko anavyodhani. Ouko na Sang walisoma North Carolina Central, Ondieki alisoma Iowa State. Njia ya wakimbiaji wetu kwenda vyuo hivyo ni ya zaidi ya nusu karne. Katika vyuo vilivyokubali utaratibu mpya, timu ya mbio za nyika ya wanaume ina nafasi 17 tu. Kijana wa Keroka anayelipiwa na jamaa zake huko, akitumaini kujiunga na timu kwa miguu yake, sasa anakuta mlango mwembamba zaidi ya ule uliokuwapo.

Kuna pingamizi la gharama, na halipaswi kudharauliwa na mtu asiyelipa bili. Mwalimu mkuu atasema: basi lina viti vyake, fomu ya mashindano ina mistari yake, na kila mdomo wa ziada baada ya mazoezi ni uji na mkate wa ziada. Ni kweli. Lakini tuhesabu vizuri. Mchezaji wa kujileta hasamehewi karo, ndiye anayelipa. Hahitaji kiti cha basi kwa kila safari, kwa sababu kazi yake kubwa hufanyika Jumanne na Alhamisi nyumbani. Gharama yake halisi ni mipira michache zaidi, vizibao vya mazoezi, na uji. Kwa upande wa pili, mchezaji aliyevutwa humgharimu mtu karo nzima, sare, pengine na nauli ya mzazi, na akiumia wiki ya mashindano ya kaunti, uwekezaji wote unakaa benchi na bandeji. Sisemi shule zisisajili. Shule kama Kakamega zimejenga jina kubwa kwa kuwatafuta wachezaji mbali, na kombe la taifa au tiketi ya michezo ya Afrika Mashariki si kitu ambacho shule itakipata kwa kungoja bahati. Ninachosema ni kwamba usajili bila msingi wa waliojileta huifanya timu kuwa ya mwaka mmoja. Waliovutwa wakimaliza mtihani wote kwa pamoja, shule hurudi sifuri na kuanza tena kutafuta pesa. Hata vilabu hukumbwa na hali hii. Shabana, klabu ambayo Gusii nzima huihesabu kuwa yake, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2006 na ikarudi mwaka 2023. Katika miaka 17 ya namna hiyo, klabu yoyote huponyokwa kwanza na wale waliokuwa pale kwa mkataba. Kinachobaki ni vijana wa eneo ambao wangecheza hata bila kulipwa, na mashabiki wanaowajua kwa majina ya nyumbani.

Pingamizi zito zaidi ni la haki, nami nalikubali kwa kiasi kikubwa. Je, si unyonyaji kumtumia kijana kama ubao wa kupigia mazoezi, mwaka baada ya mwaka, mzazi akilipa karo ya saa ambazo mtoto angekuwa anasoma, huku sifa zikienda kwa mwingine? Inaweza kuwa hivyo, na mara nyingi huwa hivyo. Mkufunzi anayemwambia kijana "endelea kuja, nafasi yako ipo" huku akijua haipo anamdanganya mtoto wa mtu. Jibu si kumfukuza. Jibu ni kumwambia ukweli. Aambiwe mwanzoni mwa muhula yuko nafasi ya ngapi, anahitaji kuongeza nini, na lini ataangaliwa upya. Mtahiniwa wa mwaka wa mwisho aruhusiwe kuacha bila kuitwa msaliti. Avae jezi ya shule katika mechi za kirafiki, na kikosi cha pili kiwe na mechi zake na shule za kutwa za jirani, ambazo nazo zina njaa ya wapinzani. Kuna watakaosema vijana wenyewe hawalalamiki. Kijana wa miaka kumi na sita anayeupenda mpira hatalalamika hata ukimlaza uwanjani, kwa hiyo ukimya wake hauwezi kuwa ushahidi wa lolote.

Na liko deni moja ambalo shule zinazomtumia haziwezi kulikwepa kwa maneno mazuri. Kikosi cha pili ndicho kinachopigwa. Kinacheza mchezo wa wapinzani wenye nguvu, dhidi ya wenzao wanaopigania nafasi, kwenye uwanja unaoteleza. Magoti na vifundo huumia Jumanne kama vinavyoumia Jumamosi, tofauti ni kwamba Jumanne hakuna mtu wa huduma ya kwanza pembeni. Bima ya EduAfya iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa wanafunzi wa shule za upili za umma ilifika mwisho wake kabla ya bima mpya ya afya ya taifa, SHA, kuanza Oktoba 2024, na chini ya mpangilio wa sasa mtoto hutibiwa kupitia kwa mzazi wake, iwapo mzazi amejiandikisha na michango yake haijakatika. Mchezaji aliyesajiliwa akivunjika, shule itatafuta njia, kwa sababu imeweka pesa kwake na mashindano yanakaribia. Aliyejileta akivunjika, mzazi hupigiwa simu aje kumchukua. Shule inayotaka kujua kama inawathamini wachezaji hawa isihesabu makombe kabatini. Ifungue daftari la matumizi ya michezo na kutazama kama kuna mstari wa matibabu ya mazoezini, na kama majina ya kikosi cha pili yamo katika orodha ya wanaohusika.